Jengo la Umma Lisiharibu Maji ya Umma

Tangu Mkoa wa Njombe uanzishwe mwaka 2012, ofisi, zahanati na madarasa yameinuka kutoka Njombe mjini hadi Makambako. Hayo ni maendeleo ambayo wananchi waliyangoja kwa muda mrefu, na hakuna mwenye nia njema anayeyapinga. Hata hivyo, kila jengo huanza kwa kuichimbua ardhi. Katika nyanda za juu zenye miteremko mikali, ambako mvua hunyesha tangu Novemba hadi kukaribia Juni, udongo uliochimbuliwa haukai mahali pake. Huteremka mtoni.

Mto Ruhuji, unaopita kando ya mji wa Njombe, humwaga maji yake Kilombero, kisha Rufiji, hadi kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Maji ya Milima ya Kipengere nayo huelekea Usangu na Ruaha Mkuu, mpaka Mtera na Kidatu. Kwa hiyo tope la kiwanja kimoja cha ujenzi si tatizo la kijiji kimoja. Kabla halijafika mbali, limekwisha fukia mayai ya samaki na vyura, na kuchafua maji ya vinyungu na ya kunywa.

Funzo la Kihansi halipaswi kusahauliwa. Mwaka 1996, wakati mradi wa umeme ukiendelea huko, aligunduliwa chura mdogo asiyepatikana penginepo duniani, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi chake kilinusurika kwa kuwa baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani. Wakarudishwa nchini mwaka 2010, na Kihansi kwenyewe mwaka 2012. Taifa lilihitaji umeme ule, lakini lingalijua mapema lililomo bondeni, lisingalihangaika kiasi hicho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu kulinda maliasili. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza.

Leo majengo mengi ya shule husimamiwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: mwalimu mkuu na kamati yake hununua vifaa na kuajiri mafundi. Ndivyo yalivyojengwa madarasa 15,000 ya mwaka 2021 na 2022, kwa muda mfupi. Mwalimu huulizwa iwapo jengo limefika kwenye lenta. Ni nadra kuulizwa kijito cha jirani kina hali gani. Afisa mazingira akifika baada ya bati kupigwa, amefika kushuhudia, si kuzuia.

Dawa yake si ghali. Msingi uchimbwe kabla ya masika. Mfereji wa kukinga maji utangulie tofali la kwanza, na ukanda wa majani uachwe kando ya kijito. Vyombo vya zege visioshewe mtoni, wala mchanga usichotwe humo. Kazi hizo ziandikwe katika makadirio ya gharama, na jengo lisipokelewe mpaka ardhi iliyoachwa wazi imepandwa majani. Mbuga za nyanda hizi ni makazi ya viumbe wengi, akiwamo ndege mdogo ambaye wanasayansi wamempa jina la Njombe yenyewe. Yeye hana mjumbe katika kamati ya ujenzi. Watumishi wa umma ndio wajumbe wake.

Mtoto wa Makambako hufundishwa darasani kutunza vyanzo vya maji. Akichungulia dirishani na kuona kijito kimejaa tope la darasa hilo hilo, ataamini lipi: somo alilofundishwa, au lile aliloliona?