Popper na friza ya Magamba

Ahsante mwandishi kwa kutupitisha kwenye vitabu vya mwanafalsafa Karl Popper, tangu Logik der Forschung ya 1934. Ila mifano yako yote ni ya Ulaya, na wa kwetu tunaye.

Mwaka 1963, mwaka uleule Popper alipotoa Conjectures and Refutations, Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu katika sekondari ya Magamba, Lushoto. Maziwa yake aliyoyatia kwenye friza yangali moto yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, akamuuliza jambo hilo Profesa Denis Osborne aliyetoka Dar es Salaam kuzungumza nao. Wanafunzi wakacheka, Osborne akaenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja.

Hapo ndipo Popper anapoeleweka. Dai la kisayansi ni lile linalokubali kujaribiwa, na linaloweza kuanguka. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walitoa vipimo vyao kuhusu dai la Mpemba, wakisema hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuliunga mkono. Wapo wanaoona kijana wetu kavunjiwa heshima. Sikubaliani nao hata kidogo: dai la mwanafunzi wa sekondari kupimwa kwa ukali namna hiyo, zaidi ya miaka 50 baadaye, ni heshima kubwa.

Huku Kunduchi barafu ndiyo uhai wa biashara ya samaki, na friza zipo mtaani. Walimu wetu wa fizikia, wapeni watoto vikombe viwili na kipimajoto, wajaribu wenyewe.