Eti "bora digrii yoyote" kuliko diploma ya unesi?

Najua nimepotea, majaribio yamenibana na hostelini umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni. Leo sina umbea wa kantini. Leo nina hasira, na nimeona niimwage hapa kabla sijaihamishia kwenye insha ya saikolojia ya elimu inayotakiwa Jumatatu.

Jana usiku mdogo wangu alinipigia analia. Kamaliza fomu siksi, kasoma PCB, na anataka unesi. Hajaanza kuutaka mwaka huu. Bibi yetu alipolazwa wiki tatu, yeye ndiye alikuwa analala naye wodini, akarudi nyumbani anatusimulia manesi walivyokuwa wanafanya kazi, nani alikuwa na mkono mwepesi na nani alikuwa anamfokea bibi. Sisi wengine tulikuwa tunaleta uji na kuondoka.

Basi akaomba shahada ya uuguzi vyuo vitatu. Awamu ya kwanza hola, ya pili hola. Alama zake zinamruhusu kuomba, ila kwenye ushindani hazifui dafu. Nyumbani kikaitishwa kikao cha familia, mwenyewe hakuulizwa kitu, na baba mdogo akatoa hukumu: "Mtoto wa fomu siksi hawezi kurudi nyuma kusoma diploma na watoto wa kidato cha nne. Achukue digrii yoyote yenye nafasi. Hata ualimu."

Hata ualimu!

Baba mdogo shikamoo, nakuheshimu, lakini mwanao niko huku nasomea huo ualimu wa "hata". Na nitasema ukweli ambao sijawahi kuusema nyumbani: mimi mwenyewe nilikuja hivyo hivyo. Ualimu ulikuwa chaguo langu la tatu. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa nasoma ili nifaulu, basi. Siku niliyoenda TP nikasimama mbele ya watoto zaidi ya sabini wa kidato cha pili, ndipo nilipojua kwamba kuna kazi huwezi kuifanya kwa "hata". Watoto wanajua ndani ya dakika tano kama mwalimu alitaka kuwa pale. Mimi nilibahatika, kazi ikanishika nikaipenda. Kuna wenzangu haijawashika mpaka leo na wanamaliza mwakani. Watafundisha watoto wenu.

Sasa hebu mfikirie nesi wa "hata". Mama yuko kwenye uchungu, saa tisa usiku. Mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, siyo kubuniwa asubuhi ili karatasi ijae. Nani atanyanyuka kila nusu saa? Cheti hakinyanyuki. Ananyanyuka mtu aliyeitaka kazi na akafundishwa ipasavyo. Ndiyo maana nasema kuuchukua unesi kama kapu la waliokosa udaktari, na ualimu kama kapu la waliokosa kila kitu, ni kuwatukana wagonjwa na wanafunzi kwa mpigo.

Nieleweke, sipingi digrii. Mwenye alama za kuingia shahada ya uuguzi aende, tena mbio. Ni miaka minne darasani na wodini, halafu mwaka mmoja wa utarajali. Ukiajiriwa serikalini unaanza kama Afisa Muuguzi, wakati wa diploma anaanza kama Afisa Muuguzi Msaidizi, na mshahara haulingani. Hilo ni kweli na simdanganyi mtu. Pia najua hofu ya baba: digrii ina bumu. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wa diploma mwaka wa masomo 2023/2024, tena kwa baadhi ya kozi tu, kwa hiyo lazima mtu asome orodha ya mwaka husika badala ya kudhani. Ada ya diploma inaweza kutoka mfukoni mwa baba moja kwa moja. Hoja hiyo naiheshimu.

Ila hoja ya "kurudi nyuma" siiheshimu hata kidogo. Kurudi nyuma wapi? Diploma ya Uuguzi na Ukunga ni miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, wa pili ya 5, wa tatu ya 6. Akifaulu, akasajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ni muuguzi kamili kisheria. Sheria ya mwaka 2010 haimwachii mtu afanye kazi hii bila usajili na leseni, hata awe na digrii tano za mambo mengine. Na akitaka shahada baadaye, mlango upo. Binti wa miaka ishirini anayetumia miaka mitatu kujifunza kazi anayoitaka anaitwa karudi nyuma, ila anayetumia mitatu au minne kwenye kozi asiyoijua hata jina vizuri, huyo ndiye anaenda mbele? Jamani!

Haya, tukikubaliana diploma, bado kuna mtego wa pili, na huu ndio unaonitisha zaidi. Chuo gani?

Likizo iliyopita nilizunguka naye. Cha kwanza tulipelekwa na wakala. Mnawajua wale wa mabango ya NAFASI BADO ZIPO. Anaongea kama mpiga debe wa stendi: unesi ajira nje nje, lipia fomu leo, ukichelewa shauri yako. Chuo chenyewe kiko ghorofani juu ya maduka, vigae vinang'aa, kompyuta zimepangwa vizuri. Chumba cha mazoezi kina mdoli wa kufundishia, bado yuko kwenye nailoni yake. Nikauliza: wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani? Wakala akajibu, "Tunashirikiana na hospitali mbalimbali." Nikauliza: mbalimbali zipi? Akaanza kutuonyesha basi la chuo.

Cha pili ni cha misheni, kiko ndani ya uwanja wa hospitali. Rangi imebanduka, bweni lina baridi, simu haishiki mtandao mpaka upande kilimani. Lakini tulipofika saa kumi na mbili jioni tukakutana na wanafunzi wamevaa sare wanakwenda zamu ya usiku. Mkufunzi hakutuonyesha basi. Alimuuliza mdogo wangu swali moja: "Unaweza kukesha?" Mdogo wangu akamjibu, "Nilishakesha wiki tatu." Wakaangaliana, wakaelewana. Mimi nikabaki nimesimama kama mzigo.

Na mtajua tu: nyumbani wanakisifia kile cha vigae.

Kwa hiyo wewe unayejaza fomu mwaka huu, au una mdogo wako anajaza, msikilize mwanafunzi wa ualimu asiyekuuzia kitu. Usiulize jengo, uliza haya:

1. Je, chuo na kozi yenyewe vimo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili? Diploma angalia cha NACTVET, digrii angalia cha TCU. Vinatolewa bure kwenye intaneti, na vinaonyesha sifa za kuingia. Kama chuo hakimo humo, maneno ya wakala ni hewa.

2. Hospitali ya mazoezi ni ipi, ina wodi ya wazazi, na wanafunzi wanaenda siku ngapi? Kozi ni ya uuguzi NA ukunga. Uliza mwanafunzi anazalisha akina mama wangapi chini ya usimamizi kabla hajamaliza. Wakijiumauma, ondoka.

3. Wanaomaliza pale wanafaulu mtihani wa leseni wa Baraza? Usimuulize mkuu wa chuo. Waulize waliomaliza, na uwaulize wakiwa peke yao.

4. Cheti chako cha kidato cha nne kikoje? Hili watu wanalisahau. Ukitaka kupanda kutoka diploma kwenda shahada, utaulizwa wastani wa B au GPA ya 3.0, na vipo vyuo vinavyorudi kuangalia alama zako za zamani za sayansi, Kiingereza na hata Hisabati. Kama Hisabati ulipata F, ujue leo, usije ukajua baada ya miaka mitatu.

5. Kwa wa digrii: ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa wakati. Watu wanapoteza nafasi kwa kuzubaa na ujumbe wa simu.

Na hilo la "ajira nje nje" naomba tuliache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.8 duniani kwa mwaka 2023. Ni kweli wanahitajika. Lakini kuhitajika ni kitu kimoja na kuajiriwa ni kingine, sisi walimu tunaijua hadithi hiyo vizuri. Shule hazina walimu na walimu wako mtaani. Wodi nazo hazina manesi, na manesi wenye leseni wako nyumbani wanasubiri tangazo la ajira. Anayemwahidi mtoto wako kazi siku ya kulipia fomu anamuuzia kitu kisicho chake. Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua kazi unayoipenda: itabidi uisubiri, na kitu usichokipenda hakisubiriki.

Baba mdogo, najua kuna binamu atakusomea haya kwenye simu yake. Usinikasirikie. Siku ukiwa umelazwa, hutamuuliza nesi aliyekuja kukuchoma sindano kama ana digrii au diploma. Utaangalia mkono wake kama unatetemeka.

Fomu ya chuo cha misheni inafungwa Ijumaa. Baba amesema "nitafikiria", na kwa tunaomjua, hiyo ni nusu ya ndiyo. Nimeshamwambia mdogo wangu aandae vyeti na picha ndogo. Ada ya muhula wa kwanza ikipungua nitachangia kwenye bumu langu, nitakula wali maharage mpaka Desemba. Nimeshazoea.

Wenye hoja tofauti karibuni, tubishane kwa amani. Ila atakayeanza sentensi yake na "hata ualimu" namfungia mlango.

Ngoja niwahi semina ya saa nane. Wasalaam.