Mchuma wa nguvu, tairi za mtumba!

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya nani kaonekana na nani ukumbini. Nataka tuongee tairi. Usicheke! Na wewe dada usifunue ukurasa wa pili kwanza, maana kuna dada mmoja kwenye stori hii, na yeye ndiye aliyenifanya nikae chini kuandika.

Vijana wenzangu kibao hapa mjini tunaendesha zile Subaru Impreza za taabo. Ukikaa Mwenge Ijumaa jioni utazisikia kabla hujaziona. Ya kwangu ni STI ya mwaka 2003, injini lita mbili, nguvu za farasi 280. Hiyo 280 haikuja kwa bahati, bwana. Makampuni ya Kijapani yalikuwa na makubaliano yao ya chini chini kwamba hakuna kutangaza gari lenye zaidi ya hapo, mpaka mwaka 2004 yalipoyavunja. Basi mkute kijana wa Subaru kijiweni, atakutajia taabo, atakutajia ekzosi, atakutajia hadi kibandiko cha kioo cha nyuma kakinunua wapi. Muulize gari lake limevaa tairi gani. "Mapya tu." Mapya gani? Kimya.

Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Gari liliponifikia kutoka Japan lilikuwa na tairi nzuri kwa macho. Kashata nene, nyeusi tii, ukibonyeza kwa kidole gumba zinabonyea. Fundi wangu akanipa hongera. "Laini hizi kaka, hizi ndizo zinazong'ang'ania lami." Ubavuni zimeandikwa STUDLESS, mimi nikadhani ndiyo modeli yenyewe. Kumbe jamani ni tairi za theluji! Wajapani wa kule Hokkaido huzifunga wakati wa baridi. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini hata juu ya barafu, na kila kipande cha kashata kimechanjwa vijistari vingi vyembamba kama chale za mganga. Sasa ulete mpira wa namna hiyo kwenye lami ya Dar, saa nane mchana. Unakata kona, kashata zinalala upande, gari linayumba kama limelewa. Unakanyaga breki leo, linasimama kesho. Miezi michache tu na zimelika. Mpaka leo nikipita kwenye tairi za mtumba naziona, na watu wanazigombania kwa sababu hiyo hiyo ya ulaini.

Nikaruka mkojo nikakanyaga mavi. Mshikaji mmoja akaniuzia tairi nne za mbio, zile wenyewe wanaziita semisliki. Zina mifereji michache tu, sehemu kubwa ni mpira mtupu. Mchana mkavu, nisiseme uongo, zilikuwa raha. Kona ya Makongo nilikuwa naikata kama nimegundishwa barabarani. Nikaanza kujiona dereva.

Aprili 2022, masika imeshika kasi. Natoka Tegeta usiku na mdogo wangu wa kike, tumetoka kumwona shangazi. Bagamoyo Road imelowa chapachapa, kuna sehemu maji yamekaa barabarani yanang'aa kwa taa. Nilikuwa kwenye 80. Ndiyo, pale ni 50, najua, mama ameshanisema vya kutosha. Nikahisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, kama umekatwa kamba. Nikageuza, gari halikugeuka. Nikakanyaga breki, bure. Tulizunguka mara moja na nusu, tukagonga ukingo wa kati kwa ubavu wa abiria. Mdogo wangu alipiga paji la uso kwenye kioo cha mlango. Alishonwa nyuzi sita.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Kaka, mimi gari lako sipandi tena." Akaanza kupanda daladala hata siku ambazo tunatoka nyumba moja kwenda mtaa mmoja.

Nilichojifunza baada ya hapo nakupa bure. Gari zima, tani moja na nusu, linagusa lami kwa vipande vinne, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja chako. Basi! Farasi wote 280, breki zote, usukani wote, vinapita kwenye viganja hivyo vinne. Maji yakiwa barabarani, kazi ya mifereji ya tairi ni kuyapisha yatoke. Mifereji ikiwa michache au imelika, na wewe una kasi, maji hayapati pa kwenda. Yanajikusanya mbele ya tairi na kulinyanyua. Hapo huendeshi tena, unaelea kama ngalawa. Na usije ukaniambia Subaru inavuta kwa magurudumu manne. Kuvuta kwa manne kunakusaidia kuondoka. Kusimama na kukata kona ni shauri la tairi, na Subaru inaelea kama Starlet ya babu.

Kwa hiyo ukienda dukani usisikilize maneno, soma ubavu wa tairi. Wangu unaandikwa 225/45R17 94W. Hizo za mwanzo ni upana kwa milimita, urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana, na inchi za rimu. Ile 94 ni uzito, yaani tairi moja inabeba kilo 670. Herufi W ni kasi ya mwisho, kilomita 270 kwa saa. Utasema, nani atakwenda 270 Ubungo? Hakuna. Lakini tairi la W limejengwa kuvumilia joto ambalo la herufi za chini halilivumilii, na gari la taabo linachemsha tairi kuliko unavyodhani. Gari la nguvu usilivalishe chini ya herufi aliyoiweka mtengenezaji.

Kuna namba nyingine ambayo wengi tunairuka, inaitwa TREADWEAR, ipo kwenye tairi zinazouzwa Marekani na nyingi zinazofika huku. Namba kubwa maana yake tairi linadumu, namba ndogo linaisha upesi, na mara nyingi ndilo linaloshika zaidi. Toyo R888R, ambalo ni la mbio hasa, lina 100. Michelin Pilot Sport 4S lina 300. Ya magari ya kwenda kazini na kupeleka watoto shule yanafika 400, 500 na zaidi. Kila kampuni inajipa maksi yenyewe, kwa hiyo usilinganishe ya huyu na ya yule kama mtihani wa taifa. Pembeni yake kuna TRACTION, AA ndiyo ya juu, kisha A, B na C. Hiyo inapima breki kwenye barabara iliyolowa, gari likiwa limenyooka. Kona haimo humo, mzee! Usione AA ukaanza vituko.

Kwa maoni yangu, na waliozoea mashindano wanaweza kunipinga, kijana anayeishi Dar na gari lake ndilo hilo hilo la kazini, la harusini na la kwenda Morogoro, aachane na namba 100 na hata 200. Tafuta tairi la spoti la barabarani, lenye mifereji minene ya kuzunguka. Kwenye mkavu utapoteza kidogo. Kwenye masika utapata kila kitu.

Halafu tarehe. Tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara. Ukikuta 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, mrudishie mwenyewe na umpe pole. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Kashata zinaweza kuwa zimejaa pomoni na tairi limekauka kama kandambili iliyosahauliwa juani. Muuzaji akilipaka dawa ya kung'arisha, wewe pinda mpira kidogo uangalie mipasuko kwenye mashina ya kashata.

Wenye Subaru, hapa msikilize vizuri. Usinunue mawili ukaacha mawili ya zamani! Tairi za mbele na za nyuma zikitofautiana mzunguko, difu ya katikati inafanya kazi bila kupumzika hata barabara ikiwa imenyooka, inachemka, mwisho inakufa. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, ambayo ni kama milimita moja tu ya kashata. Mshikaji wangu wa Sinza alitaka kubana matumizi kwa tairi mbili, akaishia kushusha gia boksi. Tairi mbili alizokwepa zingekuwa bei ya chai.

Na rimu za inchi 19 je? Bomba, zinapendeza, hasa mbele ya mademu. Lakini ubavu wa tairi unabaki mwembamba kama mkanda wa suruali. Shimo moja la Mbagala, tairi linatoa kitambi ubavuni, rimu imepinda. Mimi nimebaki na 17 zangu na sijuti.

Upepo nao! Kijana wa kujaza upepo ana namba moja kichwani, 40, anampa kila mtu kuanzia Vitz mpaka Fuso. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko. Cha Kijapani kinaandika kPa, na 230 ni kama 33 za kwenye geji yetu. Pima asubuhi tairi likiwa la baridi, kabla hujazunguka nalo mjini.

Basi nikajikusanya. Tairi nne mpya, zote namba moja, zote wiki moja ya kutengenezwa. Moja tu lilinitoka kama kodi ya chumba ya miezi mitatu, na usiulize nilikula nini mwezi ule. Kilomita mia mbili za kwanza niliendesha kama mzee wa kanisa, maana tairi jipya lina utelezi wa kiwandani mpaka lisuguliwe kidogo.

Nilipofika nyumbani mdogo wangu alitoka nje na tochi ya simu. Alichuchumaa kila gurudumu, akapitisha kidole kwenye mifereji, akasoma zile tarakimu nne za DOT kwa sauti mara nne. Hakusema neno, akarudi ndani.

Jumapili iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha. Nikakuta amekwishaingia, amefunga mkanda, amekaa kiti cha nyuma. Nikamuuliza mbona nyuma.

"Twende," akasema, "na ukipita 50 nashuka."