Maneno ya Mama Yapimwe, Yasipuuzwe



Tunaowaandikia ni kamati ya tawi katika mashamba ya miwa, Uganda mashariki, upande wa Busoga. Kwa kawaida nafasi hii tunaitumia kusemea mishahara, viatu vya kazi na mizani zinazopunja. Safari hii tunasemea jambo ambalo baadhi ya wanachama wetu walilikataa mkutanoni, wakidai kuwa ni mambo ya nyumbani na hayakihusu chama. Tulibishana mpaka taa ikaisha mafuta. Hata hivyo tumeandika, maana aliyeumia ni mwenzetu.

Mwenzetu huyo ni mpaliliaji. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, uzito wa kutosha. Wiki ya pili mtoto akapata homa, akaacha kunyonya kwa muda, akachomwa sindano, akapona. Kila mtu akashukuru. Lakini mtoto alipofika wiki ya sita mama aliona jambo moja dogo sana. Kofia ya sufu aliyofumiwa mtoto na bibi yake, iliyokuwa ikimfunika hadi masikioni, sasa haikuingia. Akaivuta, haikuingia. Akaenda zahanati ya kambi.

Aliambiwa mtoto ananenepa, ashukuru Mungu. Akarudi nyumbani. Baada ya siku nne akaenda tena, akisema mtoto analia usiku na anatapika. Akapewa dawa ya malaria na Panadol ya maji. Mara ya tatu hata kitambaa hakikufunuliwa. Aliambiwa, mbele ya foleni nzima, kwamba mama wa mtoto wa kwanza huwa na wasiwasi mwingi na kwamba anawachelewesha wagonjwa wa kweli. Watu wakacheka. Yeye mwenyewe alituambia kwamba kilichomuuma ni kile kicheko kuliko maneno.

Na sisi je? Mumewe ni mkata miwa, mwanachama wetu. Alisema hayo ni mambo ya wanawake. Jirani alimshauri ampeleke mtoto kwa mganga, kwa kuwa kuna mtu amemtupia jicho. Nyapara alimkata siku zote tatu alizokwenda zahanati. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu wa koti jeupe, tukubali kwamba mama huyu alipuuzwa kwanza na watu wa kwake, na kamati hii imo.

Aliyemwokoa alikuwa mzee fundi cherehani wa pale sokoni. Hakuwa na utaalamu wa tiba hata kidogo. Mama alipomwonyesha kofia, mzee alitoa tepu yake shingoni, akaizungusha kichwani kwa mtoto juu ya nyusi na nyuma pale kisogo kinapochomoza, akaandika kwenye karatasi ya pakiti ya sigara: sentimita 42. Akamwambia, “Mwanangu, rudi wiki ijayo siku kama hii.” Wiki iliyofuata ilikuwa sentimita 44.

Ndugu, shikeni hesabu hii, kwa sababu ni rahisi na haihitaji shule. Mtoto anayezaliwa kwa miezi kamili huwa na kichwa cha sentimita 34 au 35 hivi. Katika miezi 3 ya kwanza kichwa hukua kama sentimita 2 kwa mwezi, halafu kama 1 kwa mwezi mpaka miezi 6, na baada ya hapo polepole zaidi. Mtoto wa mwenzetu aliongeza kwa wiki moja kile ambacho wengine huongeza kwa mwezi. Huko si kunenepa.

Mama akiwa na karatasi ile mkononi, na safari hii akisindikizwa na mumewe na mmoja wetu, alikwenda kituo cha afya cha serikali. Huko vituo vya serikali havitozi ada tangu 2001, ingawa nauli ni juu yako. Walimkuta tabibu mwanamke, kijana tu. Aliitazama karatasi, akaiweka chini, akauliza, “Mama, wewe umeona nini?” Kisha akanyamaza, akasikiliza. Akapitisha kidole utosini, akaona umetuna hata mtoto akiwa ametulia. Akatazama macho, akatuonyesha jinsi mboni zilivyoelekea chini na weupe ukaonekana juu yake, kama jua linalozama. Akatuambia waziwazi: “Ugonjwa huu mimi siwezi kuutibu. Lakini ninajua wanaoweza.” Akaandika barua ya kwenda Mbale.

Sisi tunasema hapo ndipo tulipomwona daktari. Kwa kweli kila anayevaa koti jeupe sisi humwita daktari, awe muuguzi, tabibu au mfagiaji aliyeazimwa koti. Cheo hatukijali. Tunachokijali ni mambo ambayo yule binti aliyafanya kwa muda mfupi tu: aliuliza, akagusa, akasema asichokiweza, akatuonyesha njia. Anayekiri kwamba jambo limemshinda na kukupa barua anafaa kuliko anayejua kila kitu na kukurudisha nyumbani.

Pale Mbale ipo hospitali ya watoto ya CURE, iliyofunguliwa 2001. Ugonjwa wenyewe ni maji ya ubongo yasiyopata njia ya kutoka. Yanajaa, yanausukuma ubongo, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijafungamana, kichwa kinapanuka. Daktari mpasuaji Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi hapo miaka ya mwanzo, alichapisha mwaka 2005 habari za watoto waliotibiwa Mbale: kwa karibu 60 katika kila 100, ugonjwa ulitokana na maambukizo waliyoyapata baada ya kuzaliwa. Ndiyo ile homa ya wiki ya pili, ambayo sote tulishukuru ilipokwisha.

Zamani dawa ilikuwa moja: kuweka mpira mwembamba chini ya ngozi unaochukua maji toka kichwani mpaka tumboni. Mpira huokoa maisha, lakini huziba au huingia wadudu, na ukiziba mtoto lazima apasuliwe upya haraka. Kwa mtu anayekaa kambini, siku nzima ya safari kutoka hospitalini, kuziba huko ni hatari kubwa. Kwa hiyo pale Mbale walianza njia nyingine, ya kuingiza kamera ndogo, kufungua kijia kipya ndani ya kichwa na kuchoma sehemu ya nyama inayotoa maji hayo. Utafiti uliofanywa hapo hapo Uganda kwa watoto 100 wa chini ya miezi 6, ukachapishwa 2017, ulilinganisha njia hizo mbili na haukuona tofauti kubwa katika akili na maendeleo ya watoto baada ya miezi 12. Tunaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu wengi wetu tuliamini kwamba tiba ya namna hiyo iko Ulaya tu, na kwamba mtoto wa kichwa kikubwa ni wa kufichwa ndani.

Mtoto wetu alipasuliwa. Anaishi. Alichelewa kukaa, na jicho moja halifuati kitu vizuri. Kama angefika wiki tatu kabla hali ingekuwa bora? Hakuna aliyetuahidi hivyo. Lakini tulielezwa kwamba maji yanapokaa muda mrefu ndivyo ubongo na macho yanavyozidi kuumia, na wiki tatu ndizo zilizopotea katika foleni ile ya kicheko.

Sasa tuseme na wenzetu wa zahanati, ambao nao ni wafanyakazi. Tunajua muuguzi wa kambi yuko peke yake, foleni imezunguka nyumba, dawa zimekwisha tangu wiki iliyopita, na mshahara wake haumtoshi. Chama kinachowatetea kitupate upande wao siku yoyote. Lakini uchovu wake asimalizie kwa mama. Utaratibu wa kutunza watoto wagonjwa uliotungwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF miaka ya 1990, ambao Uganda inautumia, unaanza kwa kumwuliza mama mtoto ana shida gani. Kisha: anaweza kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Kumsikiliza mama, kwa hiyo, ni hatua ya kwanza ya kazi yenyewe, kama vile kunoa panga kabla ya kuingia shambani. Asiyeuliza hajafanya kazi yake, hata kama amegawa dawa siku nzima.

Wala msidhani kwamba kupuuza wazazi ni ugonjwa wa nchi maskini. Uingereza, mwaka 2021, msichana wa miaka 13, Martha Mills, alifariki hospitalini baada ya wazazi wake kueleza wasiwasi wao na wasisikilizwe. Wazazi hao walipigania jambo hilo mpaka mwaka 2024 hospitali za huko zikaanza kuweka utaratibu unaoitwa kwa jina la binti yao: familia ikiona mgonjwa anazidi kuharibika na haisikilizwi, ina haki ya kuita kundi jingine la wataalamu limtazame upya. Tunaitaka haki hiyo kambini. Mama akirudi mara ya pili kwa jambo lile lile, aonwe na mtu mwingine. Na kama hayupo mwingine, aandikiwe barua ya kwenda mbele siku hiyo hiyo.

Upande wa mwajiri tunayo mengi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba siku 4. Nzuri. Lakini nusu ya wapaliliaji wetu ni vibarua, wanaambiwa likizo si yao, ingawa kanuni za 2011 zinakataza kumweka mtu kibarua zaidi ya miezi 4. Mwenzetu huyu alikuwa shambani wiki ya nne baada ya kujifungua, mtoto akiwa chini ya mti na mtoto wa jirani. Na likizo ya ugonjwa katika sheria ile ni ya mfanyakazi anapougua yeye mwenyewe. Mtoto wake akiugua, analala njaa ya siku iliyokatwa. Tunataka iandikwe katika mkataba wetu wa pamoja: mzazi anayempeleka mtoto kwenye matibabu, akirudi na kadi iliyopigwa muhuri, asikatwe siku. Mumewe mwenzetu alipoteza siku 9 kwa safari ya Mbale, na bado analipa deni la nauli. Gari la kampuni lilikuwepo wakati wote huo, likibeba mbolea.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu mashamba makubwa, namba 110 wa mwaka 1958, unataja huduma za tiba kwa wafanyakazi wa mashamba na jamaa zao. Maneno hayo ni ya zamani kuliko wengi wetu tunaoyaandika.

Na kwenu akina mama na baba: msiende zahanati na neno “mtoto ni mgonjwa” peke yake, maana ni rahisi kulitupa. Nendeni na siku na hesabu. “Alianza Jumanne. Ananyonya mara tatu badala ya nane. Jana alitapika mara tano.” Kama hujui kuandika, mtume mtoto wa shule aandike. Mtoto mchanga aliyeacha kunyonya, mwenye homa au mwili wa baridi, anayehema haraka, aliyelegea au aliyepata degedege, hasubiri asubuhi. Na baba aende pia. Ni aibu kusema, lakini tuliona wenyewe kwamba siku alipokuwapo mwanamume mlangoni, karatasi ilisomwa upesi zaidi. Jambo hilo ni baya, tutalipinga, na wakati tunalipinga tutaendelea kusindikiza.

Kamati imenunua tepu sita kwa fedha ya michango. Tano zimepelekwa kambini, moja kila kambi, kwa mjumbe wa wanawake. Ya sita tumempa muuguzi wa zahanati, mkononi, bila hotuba. Aliipokea. Mama yeyote mwenye mtoto wa chini ya mwaka aje apimwe mwanawe kila mwezi, na namba iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki. Fundi cherehani amekubali kuwafundisha wajumbe jinsi ya kuzungusha tepu isiteleze, Jumapili baada ya mechi.