Vilio vya Lubiri na Wajibu wa Askari

Katika tarafa ya Lubaga, mjini Kampala, ndani ya ua wa Lubiri huko Mengo, limo handaki la zege la enzi za Idi Amin. Wako wanaosema kwamba usiku husikika humo vilio vya waliokufa.

Chanzo cha hofu hiyo hakihitaji mganga. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lililivamia jumba hilo la Kabaka. Mutesa II alikimbilia uhamishoni, akafia London mwaka 1969. Lubiri ikageuzwa kambi, na chini ya Amin, aliyepinduliwa mwaka 1979, raia wakateswa na kuuawa handakini. Hata katika hoteli ya Nile Mansions, ambayo leo ni Serena, watu waliteswa vyumbani.

Ndugu askari, waliotenda hayo walivaa sare. Mizimu ya namna hiyo haifukuzwi kwa bunduki wala hirizi. Dawa yake ni mahabusu kuandikwa daftarini na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 48 kupita, kama Katiba ya 1995 iagizavyo. Tena, sheria ya 2012 dhidi ya utesaji haipokei udhuru wa “niliamriwa”. Anayelinda zamu usiku asiogope giza. Aogope kutenda yatakayowaliza wananchi.