Kuingia Baharini ni Pesa Ngapi?

Jumamosi moja nilikuwa pale Muthurwa nikingoja matatu, na kwa kuwa dereva alikataa katakata kuondoka kabla gari halijajaa, nilisogea kwa mama mmoja auzaye vitunguu nikanunua fungu moja. Mama yule alipoisikia lafudhi yangu alicheka, akasema, "Mzee, wewe ni mtu wa Mombasa." Nikamjibu kwamba sikatai, huko ndiko kitovu changu kilikozikwa. Akanyamaza kidogo, kisha akaipunguza sauti kama mtu aulizaye jambo la aibu: "Na kuingia baharini ni pesa ngapi?"

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilipomtazama usoni niliona hapana mzaha wowote. Mama huyu ana watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa kumi, na wote watatu hawajapata kuiona bahari ila katika picha za kalenda. Aliamini kwamba ufuoni pana lango, na langoni ameketi karani akataye tikiti. Matatu yangu ilijaa ikaondoka, nami nimesimama palepale na vitunguu vyangu mkononi.

Ajabu ni kwamba swali hili limetoka Muthurwa. Mtaa huu ulijengwa na shirika la reli kwa ajili ya wafanyakazi wake, na reli yenyewe ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mji huu wote, pamoja na majumba yake marefu, umezaliwa na chuma kilichotoka baharini. Leo mjukuu wa waliotumikia chuma kile anauliza kama anaruhusiwa kukifuata mpaka mwanzo wake.

Nani aliyemfundisha mama huyu kwamba bahari ina bei? Sisi sote tumemfundisha. Matangazo ya likizo ya kisiwani, kwa miaka mingi, yamemwonyesha mgeni wa ng'ambo amejilaza juu ya kitanda cha kamba, na mwenyeji amesimama kando yake na sinia mkononi. Neno "mtalii" tumelizoea kuwa jina la Mzungu. Hata mimi, miaka ya tisini, nikiwa mwandishi kijana, nilikuwa nikitembea na binamu yangu katika ufuo wa kaskazini ya Mombasa, mlinzi wa hoteli moja akatufukuza kwa rungu, akisema tunawasumbua wageni. Tulikuwa tumevaa vikoi, na miguu yetu imo majini. Tuliondoka kimya, na kimya kile hunichoma mpaka hii leo.

Basi nalitaka mama yule, na kila asomaye ukurasa huu, ajue jambo moja. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaihesabu ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Hoteli ina haki ya kuta zake, vitanda vyake na bwawa lake la kuogelea. Mchanga uliolowa si wake. Anayekanyaga mchanga ule haombi ruhusa kwa mtu.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana haki isiyo na nauli haimfikishi mtu popote. Wengi husahau kwamba Mombasa yenyewe ni kisiwa. Kwa vile gari hupita Makupa au daraja la Nyali pasi na abiria kushtuka, watu hudhani kisiwa ni mpaka upande ndege au uvuke kwa jahazi. Kisiwa cha Mvita kinafikiwa kwa garimoshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Nauli ya daraja la chini ilipanda mwanzoni mwa 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Mama wa vitunguu na wanawe wawili ni shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Garimoshi hukomea Miritini, ambako ni bara bado, na kutoka hapo matatu huingia mjini.

Akiweka shilingi 50 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 50, atakuwa na shilingi 15,000. Muthurwa hapakosekani chama cha akina mama. Badala ya kila mmoja kupewa sahani na sufuria kwa zamu, mwaka mmoja na wapeane bahari. Ukitoa nauli ya garimoshi, zinabaki 9,000 za matatu, malazi na chakula kwa siku tatu. Huo si utajiri, lakini anayejua kupanga hatalala na njaa.

Malazi na ayatafute mjini, katika gesti za kawaida, si ufuoni. Bei aulize kabla ya kutua mzigo, wala asione haya kuomba apunguziwe. Akiwa na jamaa Likoni au Kongowea, wahenga walikwisha kumpangia safari: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na aende na kilo mbili za vitunguu vyake awe mgeni aliyekuja na mkono. Asiende Krismasi wala Pasaka, wakati kila kitu kimepanda. Likizo ya shule ya Aprili, Pasaka ikiisha kupita, vyumba huwa vitupu na bei hushuka, ingawa masika huwa yameanza na mvua itamnyeshea. Mwenye uhuru wa kuchagua na aende Februari, upepo wa kaskazi ungali unavuma na bahari imetulia.

Chakula cha Mombasa kitamu zaidi hakiko hotelini. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Jioni kuna viazi vya karai, mishkaki, na muhogo wa kuchoma uliopakwa ndimu na pilipili, pale Mama Ngina, mahali palipotengenezwa upya mwaka 2019, ambapo mtu huketi juu ya ukuta akatazama meli zikiingia bandarini. Kuketi hakulipiwi. Feri ya Likoni, kwa aendaye kwa miguu, hailipiwi vilevile: mtoto wa Muthurwa atavuka bahari kwenda na kurudi mara kumi mpaka mamaye achoke, na mfuko usipungue hata senti. Ngome ya Yesu, waliyoijenga Wareno kuanzia mwaka 1593, ina kiingilio, lakini mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Na vichochoro vya Mji wa Kale, pamoja na msikiti wa Mandhry uliojengwa mwaka 1570, hutembelewa kwa nguvu za miguu tu.

Nina wasia mdogo kwa aendaye. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa mbali sana, na asiyeijua bahari hufuata maji yaliyopwa yakamrudia ghafula. Muulize mvuvi kabla ya kumwachia mtoto. Mji wa Kale ni majumba ya watu, si maonyesho. Vaa kwa heshima, tanguliza salamu, bei ije baadaye. Kabla ya kupanda mashua yoyote, patana.

Na atakayeonja Mombasa akatamani zaidi, na aendelee kuweka akiba. Mwaka wa pili au wa tatu atapanda basi mpaka Mokowe, avuke kwa mashua aingie Lamu, mji uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, ambako punda ndiye hubeba mizigo katika njia zisizopitisha gari. Mchukuzi wa Muthurwa atasimama pale akamwonea punda huruma, maana kazi ni ileile.

Nikiwalaumu wenye hoteli nikawaacha watu wangu nitakuwa nimepima kwa mizani ya uongo. Sisi wa Pwani nasi tunalo kosa. Amjiapo mtu kutoka Nairobi twamwita "wa bara" naye yuasikia, na dafu la bei moja kwa jirani huwa la bei nyingine kwake. Twalalamika kwamba fedha za utalii huruka zikaenda ng'ambo. Basi huyu hapa mgeni ambaye fedha zake zitaingia moja kwa moja kwa mwenye mahamri, mwenye mishkaki na mwenye mashua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akunyonye. Na serikali za kaunti za Pwani zina wajibu wao: vile vijia vya umma vishukavyo ufuoni baina ya ukuta na ukuta, vingine vikiwa vimezibwa, vifunguliwe na viwekewe vibao, ili mtu asihitaji kuuliza kwa sauti ya chini.

Nilipokuwa chuoni, ubao mkononi, mwalimu wetu alitufundisha kwamba safari ni sehemu ya elimu, kwamba mja hutembea aone alichokiumba Mola, apate mazingatio. Hakutwambia kwamba mazingatio hayo yametengewa wenye fedha.

Wiki iliyofuata nilirudi Muthurwa nikampa mama jibu lake: kuingia ni bure, taabu ni kufika tu, na kufika nimekupigia hesabu. Alikichukua kile kikaratasi akakitia chini ya mizani ya vitunguu. Nami nikamwongezea ubeti mmoja, ambao nauacha na hapa:

Wewe uliyelemewa, na gunia mgongoni,
Hakikuumbwa kisiwa, kiwe cha wa hotelini,
Haba na haba hutiwa, hujaa kibaba ndani,
Bahari haina bei, bei iko majengoni.