Bukavu: ufunguo wa gari umepotea, lakini gari ingali inaukumbuka

Mu muji wa Bukavu, mutu akipoteza ufunguo wa gari, swali ya kwanza ni feza. Fundi ataomba dola ngapi, na hizo dola zitatoka wapi, kisha banki kufunga milango wakati AFC/M23 iliingia mu muji Februari 2025? Ni swali ya haki. Lakini kuna ingine yenye watu wengi hawaulize: ule ufunguo uko mikononi mwa nani sasa, na je, gari ingali inaukubali?

Tuanze na chenye kila mutu anajua. Fundi wa funguo wa pembeni ya barabara ana kamashini kadogo. Unamupa ufunguo wa nyumba, anaufunga upande mumoja, upande mwingine anaweka chuma kipya, dakika chache una funguo mbili. Na gari za zamani zilikuwa vile vile. Meno yakilingana, gari inawaka.

Siku hizi mutu anachongesha ufunguo, mulango unafunguka, neimani inazunguka, demareri inalia, moto unashika sekunde moja ao mbili, kisha gari inazima. Anajaribu tena, inazima tena. Hapo njo watu wanaanza kubadilisha buji, wanalaumu pampu ya mafuta, wanasema esansi ilichanganywa na maji. Kumbe gari ni nzima kabisa. Imekataa tu mutu.

Sababu yake ilitoka mbali. Ulaya ilichoka na wizi wa magari, na tangu Oktoba 1998 kila gari ndogo mupya yenye kuuzwa kule ilipashwa kuwa na kifaa cha kuzuia moto kuwaka bila ufunguo wa kweli. Ujerumani ilikuwa imetangulia, 1995. Watengenezaji wa Japani nao wakafuata njia ile mu modeli nyingi. Mafundi wa huku wanaiita antidemaraje. Ndani ya kichwa cha ufunguo, kwenye plastiki, muna chipu ndogo, mara nyingi kama punje ya muchele. Haina batri. Kuzunguka neimani kuna waya uliokunjwa kama pete, na huo waya unarushia chipu nguvu kidogo kupitia hewani. Chipu inaamuka, inajibu kwa namba yake. Ubongo wa gari unatazama kama namba ile iko kwenye orodha yake. Isipokuwepo, unakata mafuta ao moto.

Sasa gari zetu zinafika namna gani? Nyingi ni za mitumba kutoka Japani, zinapita Mombasa ao Dar es Salaam, usukani kuume, hata kama inchi yetu inaendesha kwa kuume na usukani ungepashwa kuwa kushoto. Mara nyingi zinafika na ufunguo mumoja tu. Kale kabati kadogo ka alumini kenye namba ya ufunguo, kenye mwenye gari wa kwanza alipewa siku ya kununua, kalibaki kule. Kwa hiyo ufunguo ule mumoja ukianguka sokoni Kadutu ao ndani ya ziwa, haukuacha ndugu.

Na hapa tofauti ni kubwa sana. Ukiwa ungali na ufunguo wenye kuwasha gari, kuongeza wa pili ni kazi ya saa moja: chipu mupya, kuchonga meno, kufundisha gari namba. Ukiwa hauna hata mumoja, mambo yanageuka. Kwa Toyota nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, ni ufunguo mukubwa peke yake, ule wa kichwa cheusi, wenye unaweza kufundisha gari funguo zingine. Ule wa kichwa cha kijivu unawasha tu. Kama mukubwa umepotea, fundi anapashwa kufungua dashibodi, kutoa kisanduku cha antidemaraje ao ubongo wenyewe, na kuandika upya kumbukumbu yake. Mafundi wa kazi ile ni wachache, na akiteleza mukono, gari inabaki mahali pake. Wengine wanangojea fundi ao kifaa kutoka Goma kwa mashua, ama kutoka ngambo ya Ruzizi.

Turudie lile swali. Kuongeza ufunguo mupya hakufute ule wa zamani. Gari haijue kwamba uliupoteza. Mwenye kuuokota akijua gari ni yako, anaweza kuja usiku na kuiwasha kama wewe. Kwa hiyo ukilipa fundi, mwambie afute funguo zote kwenye kumbukumbu, kisha arudishe zile ziko mukononi mwako tu. Mashini yake, ikiwa nzuri, inaonyesha hesabu: funguo mbili, tatu, tano. Ikionyesha tano na wewe una mbili, zingine tatu ni za nani? Tena, kufuta kunazuia moto, hakuzuie mulango. Meno ya ule ufunguo yangali yanafungua. Ili kuzuia hilo, unabadilisha vitasa.

Jambo la pili ni fundi mwenyewe. Mimi nilikwisha kuchongesha ufunguo wa gari mara mbili mu muji huu. Hakuna aliyeniuliza karti rozi, wala jina. Kwa shofere wa taksi mwenye nia mbaya, ni mchana mumoja tu: ufunguo wa bosi anao kila siku. Na tangu mapema 2025 kuna wenye walikimbia, wakaachia gari jamaa, zamu ao shofere. Ufunguo umepita mikononi mwa watu wanne, watano, na mwenyewe hakuwapo.

Wengine watasema: basi kila fundi aombe karti rozi. Sawa, lakini huku gari inauzwa mara tatu na karti rozi inabaki kwa jina la mununuzi wa kwanza. Sheria kali hivyo ingefungia inje mwenye haki, na mwizi angenunua karatasi. Kwa maoni yangu, daftari ya kawaida ingetosha kuanza: plaki ya gari, jina la mwenye kuleta, karti rozi ao karatasi ya kuuziana, tarehe. ACCO, shirika la mashofere, ingeweza kukubaliana hilo na mafundi bila kungojea serikali yoyote.

Kuhusu gari za kifungo, zenye ufunguo unabaki mufukoni: ndiyo, kule London 2022 wezi walipitia waya za taa ya mbele ya RAV4 wakaichukua bila ufunguo. Huku sijaona sababu ya kuogopa hilo kwanza. Shida yetu ni batri ndogo ya ule ufunguo. Ikiisha, watu wanadhani umekufa. Ndani mwake munafichwa ufunguo wa chuma wa kufungulia mulango. Kisha, kwa Toyota nyingi, kanyaga freni, gusisha ufunguo kwenye kifungo cha kuwashia, halafu kibonyeze.

Kama haujue gari yako iko na chipu, funga kichwa cha ufunguo na karatasi ya alumini ya jikoni, acha meno inje, ujaribu kuwasha. Ikizima mara moja, chipu iko. Ondoa alumini, gari itawaka kama kawaida, na unaweza kwenda nayo moja kwa moja kwa fundi ukaombe ufunguo wa pili.